Aliye Ndani ya Kinyago

Sisi tuliolelewa Mtwara tunazijua mbio zile. Ngoma ikilia na lipiko likatokea, watoto tulikimbilia nyuma ya mama zetu, na mama nao wakarudi nyuma. Tulipofika darasa la kipaimara tukafundishwa neno moja tu kuhusu kinyago kile: sanamu ya kipagani. Tunaona hukumu hiyo ilikuwa ya haraka.

Tukiangalie kwanza. Lipiko la Wamakonde huchongwa kwa mti mwepesi na kuvaliwa kichwani kama kofia. Mchezaji huona njia kupitia mdomo wake. Usoni huwekwa chale, pengine nywele halisi za binadamu, na sura ya mwanamke hutiwa ndonya mdomoni. Mwili wote hufunikwa nguo, ngozi isionekane. Kwa asiyejua, huyo ni mfu aliyerudi kushangilia vijana waliotoka jandoni. Wayoruba wa Nigeria nao wana Egungun, ambapo wahenga hurudi wakiwa wamefunikwa nguo hivyo hivyo.

Lakini kijana wa jando huonyeshwa siri. Kinyago huvuliwa, naye humwona mtu anayetoka jasho. Hapo ndipo ilipo kazi ya sanaa hii: kumvusha mtoto kutoka katika hofu. Isaya, sura ya 44, anamcheka anayeusujudia mti aliouchonga mwenyewe. Kijana huyu hausujudii. Amekwisha kujua kuwa kinyago ulichokichonga hakikutishi.

Kasoro tunaiona kwingine. Siri ile walinyimwa mama na dada zetu, na hofu ikawa fimbo ya kuwatiisha. Hilo Injili hailikubali. Kinyago huvuliwa mbele ya wachache. Pazia la hekalu lilipasuka kwa ajili ya wote.

Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1926, hakulifuta jando; alilitia ndani ya Kanisa, pamoja na sala na mafundisho. Nasi tufuate njia hiyo ya kupambanua. Kijana wa kwetu akiuliza kama Mkristo aweza kuchonga lipiko, tusiuogope mti. Tumuulize: utamtisha nani kwalo, na nani utamficha ukweli? Akijibu kwamba hakuna, basi achonge, na Mungu aibariki mikono yake.