Kichaa cha Mbwa Kinavyoonyesha Njia ya Ubongoni

Virusi vya kichaa cha mbwa vinaijua njia ya ubongoni kuliko dawa nyingi. Mwaka 2007, kwenye jarida la Nature, Priti Kumar, Manjunath Swamy na wenzao walionyesha kwamba ujuzi huo unaweza kuazimwa bila kuchukua ugonjwa wenyewe.

Mzigo wao ulikuwa RNA fupi ya nyuzi mbili, ile inayonyamazisha jeni kwa kuifanya seli iukate ujumbe wa jeni hiyo kabla haujazaa protini. Kila uzi una herufi 21 hivi, na fosfeti zake zimejaa chaji hasi. Mzigo wa namna hiyo haupenyi utando wa mafuta wa seli, na damuni huliwa na vimeng'enya.

Wakachukua kipande cha asidi za amino 29 kutoka protini ambayo virusi hivyo hushikia vipokezi vya asetilikolini kwenye seli za neva. Hiyo ndiyo anwani. Mkiani wakaunga arginini tisa zenye chaji chanya, zinazoing'ang'ania RNA kwa mvuto wa chaji tu. Walichagua arginini za umbo la D, kinyume cha zile za mwilini kama mkono wa kushoto na wa kulia, ili vimeng'enya vishindwe kuzikata. Peptidi kumi kwa RNA moja: arginini pekee zinaleta chaji chanya 90 dhidi ya hasi 40 hivi.

Kilichonishawishi zaidi ni jaribio la ulinganisho. Walitengeneza peptidi nyingine kutoka protini tofauti ya virusi hivyohivyo, nayo ikapewa arginini tisa. Ilibeba RNA, lakini haikuifikisha ubongoni. Bila jaribio hilo ningebaki na shaka, maana arginini nyingi hujibandika kwenye seli yoyote.

Panya walioambukizwa homa ya ubongo ya Kijapani walidungwa mshipani mchanganyiko wa peptidi ya kwanza na RNA inayolenga virusi vya homa hiyo. Takriban asilimia 80 walinusurika.

Kazi iliyobaki iko ndani ya seli. Shehena humezwa kwenye kifuko chenye asidi, na RNA nyingi husagwa humo. Arginini ina chaji ileile nje na ndani ya kifuko, haiitikii asidi. Histidini, asidi nyingine ya amino, huitikia: pH ikishuka hadi karibu 6 hupata chaji, na inaweza kusaidia kukipasua kifuko. Katika zile asidi za amino 29 hakuna histidini hata moja. Mimi ningeanzia hapo, nichomeke chache kati ya anwani na mkia.