Kipande cha Nne

Anayetaka kuujua ufundi wa utenzi na atazame kipande cha nne cha ubeti. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina chao, na kina hicho hubadilika kila ubeti. Cha nne hubeba kina kimoja tangu beti za kumhimidi Mungu hadi dua ya mwisho. Ndivyo alivyofanya Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alipomtungia bintiye wasia akiwa mgonjwa, mwaka 1858. Beti zapata 100, na zote zinatua kwenye -ya.

Kwa nini -ya? Kwa sababu vitenzi vya kutendea vimejaa sauti hiyo: kumwambia mtu, kumtumikia, kumlilia. Mama anayemuusia mwanawe angeyatumia maneno hayohayo hata asingekuwa mtunzi. Basi kina kinakuja chenyewe mwisho wa usemi, na msikilizaji haoni jasho la fundi. Kila kipande kina mizani, yaani silabi, 8 tu, kwa hiyo agizo ni fupi na halitoki kichwani: mche Mungu, chunga ulimi, mtunze mume. Mada ya wasia na umbo la utenzi zimeshibana kabisa.

Sasa mfungue Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mpango wa vina vya utenzi wake, Al-Inkishafi, ni uleule wa vitatu kwa kimoja, ila mshororo umerefushwa hadi mizani 11, nao unapumua baada ya mizani ya 6. Pumzi hiyo imeleta mambo mengine kabisa. Mshairi hamwagizi mtu. Anausaili moyo wake mwenyewe mbele ya magofu ya Pate. Mshororo mmoja unataja zidaka za ukutani zilizopangwa vyombo vya kauri, na unaofuata unaonyesha makinda ya ndege yamelala humo. Hasemi sana. Anaweka fahari, anaweka uharibifu, anasonga mbele. Nikitakiwa kuchagua utungo mmoja wa pwani yetu nitachagua huu, kwa sababu ya kiasi alichojiwekea mtu mwenye huzuni kubwa hivyo.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alihitaji chombo cha namna nyingine. Zama zake ni za Mazrui waliotawala mji huo kuvutana na Sultani Seyyid Said, na tungo zake ni za mjini: siasa, mapenzi, njaa, kejeli, mafumbo ya kumtega mpinzani. Shairi lilimfaa. Mshororo una mizani 16, nusu yake ukwapi, nusu utao, na kila upande una kina chake. Hoja inapigwa mara mbili kabla mshororo haujaisha. Penye kibwagizo kazi inazidi kuwa ngumu, maana maneno ni yaleyale kila ubeti, lakini lazima kila yanaporudi yawe na uzito mpya. Mtunzi dhaifu hukirudia tu. Bingwa hukifanya jibu.

Chini ya yote hayo kuna kazi ndogondogo ambayo wengi hawaijali. “Mtu” ni mizani mbili, kwa kuwa m imesimama peke yake. “Mba” ya “simba” ni moja. Hesabu ikipungua, mazida yanaruhusu neno lirefushwe, “afya” iwe “afiya”; ikizidi, inkisari inalifupisha. Sheikh Amri Abedi alizieleza sheria za utunzi mwaka 1954, na kitabu chake bado kinafaa. Lakini ruhusa hizo zina haya yake. Mwanagenzi hupachika mazida kila mahali mpaka lugha inakuwa si ya mtu yeyote, ilhali kwa mabingwa utayapita bila kuyaona.

Ombi langu ni kwa walimu wa fasihi wa sekondari. Kabla hamjamwambia mwanafunzi ahesabu mizani kwa kalamu, mwacheni aughani ubeti mzima kwa sauti, hata kama hajui mahadhi yake. Tungo hizi zilitungwa zighaniwe.