Istilahi za Hisabati na Sikio la Kisangani

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, istilahi za hisabati zimesanifiwa kwa bidii inayostahili sifa. Hata hivyo, ubora wa istilahi haupimwi kwa kusanifiwa kwake tu, bali pia kwa namna inavyopokewa na mwanafunzi. Makala haya yanazipima baadhi ya istilahi hizo kwa sikio la Kisangani, mji ambamo Kiswahili huishi bega kwa bega na Kilingala, huku Kifaransa kikitawala darasani.

Tuchukue namba shufwa na namba witiri. Asili ya maneno haya ni Kiarabu. Mwislamu wa Mombasa au Unguja aliyeizoea sala ya witiri ana pa kuanzia. Mwanafunzi wa Kisangani asiyelelewa katika mapokeo hayo hana. Kwake yeye, ni majina mawili ya kukariri. Kipeo na kipeuo yana kasoro ya namna nyingine: irabu moja tu hutenganisha dhana mbili zilizo kinyume. 9 kwa kipeo cha pili ni 81, ilhali kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Mwalimu akiimeza irabu hiyo, hesabu nzima hupotoka.

Kwa upande mwingine, usemi wa Kongo ambao wasanifishaji huuona kuwa kosa una hazina yake. Mahali pa ishirini, wasemaji wengi wa Kongo husema makumi mbili. Mahali pa thelathini, makumi tatu. Kilingala nacho husema ntuku mibale, kwa maana ile ile. Umbo hilo humwonyesha mtoto waziwazi thamani ya nafasi ya tarakimu. Ishirini haimwonyeshi, wala quatre-vingts ya Kifaransa, yaani ishirini nne, ambayo ndiyo 80 ya shuleni.

Hatusemi ishirini itupwe. Asomaye vitabu vya Afrika Mashariki hana budi kuijua. Lakini sheria ya elimu ya mwaka 2014 imezipa lugha za taifa nafasi ya kufundishia nchini Kongo. Basi mwalimu na aanze na makumi mbili, kisha aifikie ishirini. Aeleze kwanza namba inayogawanyika kwa mbili bila baki, ndipo aitaje shufwa. Nao waandaaji wa istilahi wayasikilize madarasa ya Kisangani kabla ya kuchapa orodha nyingine.