Dola Bila Miujiza: Uhakiki wa Tamthilia ya Andor

Wapo wanafunzi, na hata baadhi ya walimu, wanaoamini kwamba siasa ikiingizwa katika kazi ya sanaa, hadithi hufa na hotuba huzaliwa. Dai hili husikika zaidi pale kazi inayopendwa kwa burudani inapoandikwa upya kwa dhamira nzito. Makala haya yanalichunguza dai hilo kwa kuhakiki Andor, tamthilia ya televisheni yenye vipindi 24 iliyoonyeshwa kwa misimu miwili, 2022 na 2025, chini ya mtunzi mkuu Tony Gilroy.

Andor ni tawi la Star Wars, mfululizo wa bunilizi ya kisayansi ulioanzishwa na George Lucas mwaka 1977 na ambao haki zake zilinunuliwa na kampuni ya Disney mwaka 2012. Kwa msomaji asiyeufahamu: Dola katili linatawala sayari nyingi, waasi wanapambana nalo, na wateule wachache waitwao Jedi wana nguvu za kimiujiza na panga za mwanga. Siasa ilikuwamo tangu mwanzo. Lucas mwenyewe amewahi kueleza kwamba vita vya Marekani nchini Vietnam vilichangia wazo lake. Hata hivyo, siasa hiyo ilivikwa vazi la ngano: mtawala mwovu, binti wa kifalme, na kijana wa shambani aliyeteuliwa na majaaliwa.

Je, Gilroy amebadilisha nini? Kwa upande wa wahusika, amewaondoa Jedi kabisa. Mhusika mkuu, Cassian Andor, anaanza akiwa mwizi mwenye madeni, asiye na itikadi yoyote. Upande wa Dola nao hauna jitu la kutisha lililovaa joho jeusi. Wapo maofisa wanaokaa vikaoni, wanaogombea vyeo na kupelekeana ripoti. Dedra Meero, ofisa wa usalama, anapanda ngazi kwa sababu ni mchapakazi na husoma majalada ambayo wenzake wameyapuuza. Hapa ndipo tamthilia inapotisha: udhalimu unaendeshwa kwa saa za kazi, na watu wenye bidii.

Mandhari nayo inabeba dhamira. Cassian anakamatwa ufukweni bila kosa la maana. Adhabu ambayo zamani ingekuwa miezi 6 sasa ni miaka 6. Katika gereza la Narkina 5, wafungwa hutembea peku juu ya sakafu inayoweza kutiwa umeme wakati wowote, huku wakishindanishwa kuunda vipuri wasivyojua kazi yake. Baadaye mtazamaji anagundua kuwa vipuri hivyo ni vya silaha ya kuangamiza sayari, ile ile itakayomuua Cassian katika filamu ya Rogue One (2016). Hakuna mhusika anayesimama kutuhubiria kinaya hicho. Fani imemaliza kazi yake.

Kwa sisi walimu wa lugha, sehemu yenye uzito zaidi ni ile ya sayari ya Ghorman katika msimu wa pili. Dola linahitaji madini yaliyomo ardhini, na uchimbaji wake utaiharibu sayari hiyo. Kabla ya askari kupelekwa, wanaitwa wataalamu wa propaganda. Kazi yao ni kuwapaka Waghorman matope: waonekane wenye kiburi, wasioaminika, maadui wa wengine. Risasi zinapolia uwanjani, watangazaji tayari wana maneno ya kuwalaumu waliouawa. Seneta Mon Mothma anaposimama bungeni na kuliita tukio hilo mauaji ya kimbari, uasi wake ni wa neno moja tu, lakini neno hilo linamlazimu kuikimbia nyumba yake na cheo chake. Wasomaji wa Maziwa Makuu hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Nchini Rwanda, redio RTLM iliwaita Watutsi mende, na mwaka 1994 mapanga yakafuata.

Aidha, Waghorman wamebuniwa lugha yao, yenye lafudhi inayokaribia Kifaransa, na katika msimu wa kwanza watoto wa sayari ya Kenari wanazungumza lugha isiyotafsiriwa kabisa kwenye skrini. Mtazamaji hana budi kusikiliza kama mgeni. Uamuzi huo unawapa watu hao heshima kuliko kama wangezungumza Kiingereza kibovu.

Kazi hii haikosi kasoro. Msimu wa pili unabana miaka 4 katika vipindi 12, na baadhi ya wahusika wanapotea kabla hatujawaelewa. Cassian anaanza kwa kumtafuta dada yake, lakini uzi huo unaachwa bila kufungwa. Kasoro kubwa zaidi inamhusu Bix, mpenzi wake. Anateswa, anaandamwa na majinamizi, kisha anajiondoa ili mwanamume aendelee na mapambano. Tamthilia inayotetea utu wa wanyonge imemfanya mwanamke huyu kuwa chombo cha safari ya mwingine.

Pamoja na hayo, dai tuliloanza nalo halisimami. Hadithi hufa pale siasa inapobandikwa juu yake kama tangazo ukutani. Hapa siasa imo katika urefu wa kifungo, katika sakafu ya gereza, na katika uteuzi wa neno. Tena giza peke yake si ukomavu. Kuongeza damu na huzuni kungeweza kufanywa na mtunzi yeyote.

Walimu wanaofundisha matumizi ya lugha wanaweza kuanza na vipindi vya Ghorman. Wanafunzi waorodheshe maneno ambayo watangazaji wa Dola wanayatumia kuwataja wakazi, kisha wafanye vivyo hivyo kwa gazeti la wiki hiyo. Orodha hizo mbili ziwekwe kando kwa kando, na mjadala uanzie hapo.