Asili ya Neno "Edzo" katika Kiesperanto

Yako maneno ambayo umbo lake husema jambo moja na asili yake husema jingine. Mojawapo ni edzo, yaani mume, katika Kiesperanto, lugha iliyobuniwa na Daktari L. L. Zamenhof, tabibu wa macho, na kutangazwa kwa kitabu kilichopigwa chapa Warsaw mwaka 1887.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Kila jina huishia kwa -o, na jinsi ya kike huonyeshwa kwa kutia -in- kabla ya irabu hiyo: patro ni baba, patrino ni mama, frato ni ndugu wa kiume, fratino ni ndugu wa kike. Kwa kanuni hiyo edzino ni mke, na msomaji hudhani kwamba neno la mke limetoka katika neno la mume. Lakini patr- na frat- ni mashina ya Kilatini yajulikanayo. Edz- je, limetoka wapi? Mtu aweza kujibu kwamba limezuliwa tu.

Jibu hilo halitoshi. Maelezo yanayonasibishwa na Zamenhof mwenyewe ni kwamba Kronprinzessin la Kijerumani, yaani mke wa mrithi wa ufalme, liligeuzwa kuwa kronprincedzino. Kronprinc- likatengwa, likabaki edzino. Wengine huelekeza kwenye Kiyidishi, lugha aliyoijua Zamenhof hata akaitungia sarufi, ambamo rebetsn ni mke wa rabi.

Nionavyo mimi, hoja ya pili ina uzito zaidi. Kwanza, sauti ts imo tayari katika rebetsn, nayo i karibu na dz kuliko s ya Kijerumani. Pili, Prinzessin laweza kuwa binti wa mfalme asiyeolewa, lakini rebetsn hupata jina hilo kwa ndoa. Hata hivyo hoja hizi hazipingani: aliyezoea rebetsn alikuwa tayari kusikia "mke" ndani ya Kronprinzessin.

Kwa vyovyote vile, edzino ndilo lililotangulia. Edzo lilipatikana kwa kuondoa -in-. Tusistaajabu. Kiswahili kilipopokea kitāb kutoka Kiarabu, kilisikia ki- kama kiambishi, kikaunda vitabu, ijapokuwa k hiyo ni ya shina.

Basi watungao kamusi na wajihadhari. Kuliweka neno chini ya jingine ni kuonyesha jinsi wasemaji wanavyoliunda leo, wala si ushahidi wa lipi lilizaliwa kwanza. Ikiwa mpango wa kamusi waweza kutupotosha katika lugha iliyobuniwa na mtu mmoja, tena mbele ya macho ya historia, seuze katika Kiswahili, ambacho waundaji wake ni wengi na hawakuandika majina yao! Katika habari ya Adamu, mke alitolewa ubavuni mwa mume. Katika neno hili, mume ametolewa ubavuni mwa mke.