Kisanduku kinachokufa kimya

Bandugu, RIPE Atlas ni kazi ya kusifiwa. Tangu 2010, RIPE NCC ya Amsterdam inawapa watu wa kujitolea kisanduku kidogo, bure. Unakiunga na ruta ya nyumbani, nacho kinapima usiku na mchana: ujumbe unachukua muda gani, unapitia njia gani. Matokeo iko wazi hata kwa mwanafunzi anayetafuta data ya TFC yake.

Lakini toleo la 3 lina kasoro ambayo mimi siwezi kuifunika. Ni ruta ndogo ya TP-Link, MR3020, yenye kumbukumbu ya ndani ya megabaiti 4 tu. Haitoshi, basi wakachomeka flashi ya USB pembeni. Njo hapo shida inaanzia. Umeme ukikatika wakati flashi inaandikwa, ao ukiwa dhaifu, mafaili yanaharibika. Taa zinawaka, unasema kiko kizima, kumbe hakitumi kitu.

Dawa yake si ngumu: chomoa umeme, toa flashi, washa bila flashi, ngojea dakika kumi hivi, kisha irudishe ijitengeneze upya. Ikikataa, tafuta ingine. Lakini ni nani anafanya hiyo kazi? Ni yule aliyejitolea, tena kwa mfuko wake.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: kifaa cha namna hii kinaumia pale umeme unakatika-katika, na ndipo vipimo vinahitajika sana. Ukitaka kujua kama ujumbe wa Goma kwenda Kinshasa unapita nchini ao unazunguka Ulaya, lazima Goma kuwe kisanduku kizima. Kikinyamaza, mtafiti haoni kama intaneti yetu ni mbaya, haoni kitu. Wastani wake utapendeza, juu waliobaki kwenye hesabu ni wenye umeme mzuri.

Toleo la 4, lililojengwa juu ya NanoPi NEO Plus2, liliachana na ile flashi ya pembeni. Hapo walisikia. Lakini vya zamani vingali kwenye manyumba ya watu.

Basi, wewe unayekaa na kisanduku, kiangalie kila mwezi kama kingali kinatuma. Na wewe wa TFC, mbele ya kuandika hitimisho, hesabu kwanza vile vilivyonyamaza, na uandike viko wapi.