Maeneo ya Kuepuka

Mwaka juzi nililipwa kutafsiri kijitabu. Mteja, ambaye sitamtaja, hupokea wageni wanaotumwa Nairobi kikazi. Anawatafutia nyumba, shule za watoto, dereva, mpishi. Kijitabu kilikuwa cha kurasa 40 hivi, kwa Kiingereza, na kazi yangu ilikuwa kukiweka kwa Kiswahili ili wafanyakazi wa nyumbani nao wajue mgeni wao anatarajia nini. Nilikubali kabla mteja hajabadilisha nia. Ilikuwa tarehe 28, na kodi ya keja hulipwa tarehe 5.

Nilifanyia kazi hiyo Kawangware, mezani kwangu, karibu na steji ya Congo. Nilipofika kurasa za mwisho nikakuta kichwa: maeneo ya kuepuka. Kibera ilikuwa ya kwanza, nilikozaliwa na kusomea. Kawangware ilikuwa ya tatu.

Nimekifikiria kijitabu kile tangu wakati huo kama vile mtu anavyofikiria riwaya iliyomkera, na nadhani kinastahili uhakiki. Kama maandishi, si kibovu. Aliyekiandika ameishi hapa. Anajua kwamba mvua ya Aprili ikishika, Ngong Road inakuwa bwawa la magari. Anajua tokeni za stima hununuliwa kabla usiku haujaingia. Kasoro yake niliiona vidole vikiwa kwenye kibodi. Kila sentensi ilikuja katika hali ya kutendwa. Lango litafunguliwa. Maji yataletwa. Mtoto atachukuliwa shuleni saa tisa. Kiswahili ni chepesi mno kwa jambo hilo, unatia -w- tu, na aliyebeba mtungi anatoweka. Kurasa 40 za mji ambao kazi zote zinafanyika na hakuna anayezifanya.

Neno lililonishinda lilikuwa lile la mgeni mwenyewe. Kwenye barua za serikali tungesema mtaalamu wa kigeni. Mtaani watu husema ekspati tu, au mzungu, hata akiwa Mhindi au Mjapani. Ukurasa wa pili ulikuwa na maana: mtu anayeishi na kufanya kazi kwa muda nje ya nchi yake. Nilisoma maana hiyo nikiwa nasikia cherehani ya jirani yangu ukutani. Yeye ametoka Bukavu. Kwao alikuwa mwalimu, hapa anashona na kuuza vitenge. Anaishi nje ya nchi yake, anafanya kazi, na kila mwaka anasema ni kwa muda. Maana inamkaa kama nguo aliyoishona mwenyewe, lakini sijawahi kusikia mtu akimwita ekspati. Anaitwa mkimbizi, na ni jina lenye uzito wa aina nyingine: Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wote wa mijini waende kambini, Dadaab na Kakuma, na ni Mahakama Kuu iliyofuta agizo hilo Julai 2013. Hakuna aliyemwandikia kijitabu cha karibu Nairobi.

Na mji ni ghali kwake kuliko unavyodhani. Wiki ya kwanza alipofika kwenye ploti yetu alinishangaa nikitoa pesa kwa mtungi wa lita 20. "Dada, huku banauzisha hata mayi?" Ndiyo, wanauza. Na ukipiga hesabu kwa lita, sisi wa mitungi tunalipa zaidi ya mwenye bomba na bustani kule Lavington, ambako ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kijitabu kilikuwa na sura nzima kuhusu gharama za Nairobi. Hesabu hiyo haikuwemo.

Nilipomaliza rasimu nilirudi kwenye riwaya niliyoisoma chuoni bila kuielewa vizuri, *Coming to Birth* ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyotoka mwaka 1986. Nilitaka kuona mtu mwingine alifanyaje. Macgoye alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928, akaja Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu vya misheni. Ukitaka ekspati kamili wa zama zile, ni yeye. Mwaka 1960 aliolewa na daktari Mluo, mwaka 1964 akachukua uraia wa Kenya, na alibaki hapa hadi alipofariki mwaka 2015. Angeweza kuandika kumbukumbu za mwanamke Mwingereza anayejifunza kula ugali. Vitabu vya namna hiyo viko tele na vinauzwa uwanja wa ndege.

Badala yake alimshusha Paulina kwenye stesheni ya reli ya Nairobi. Mwaka ni 1956, hali ya hatari bado ipo, Paulina ana miaka 16, ametoka upande wa Nyanza kumfuata mumewe Martin anayeishi Pumwani. Huyu ndiye mgeni katika mji wa kigeni. Lugha si yake, barabara si zake, na kila Mwafrika mjini lazima awe na karatasi za kujieleza. Muda mfupi baadaye mimba inaharibika. Akitoka hospitalini anajaribu kurudi nyumbani peke yake na anapotea.

Sehemu hiyo ya kupotea ndiyo sababu ya kukisoma kitabu hiki leo. Macgoye hatupi ramani. Hasemi barabara hii inaelekea wapi mpaka Paulina aifike, na ikiwa Paulina hajui, nasi hatujui. Nimezaliwa Nairobi lakini niliposoma nilihisi miguu ikiniuma kwenye mji nisioujua. Mtu wa kijitabu angempa Paulina namba ya dereva. Riwaya inamwacha mikononi mwa watu asiowajua, wengine wema, wengine hapana, na hatimaye anapofika nyumbani kipigo kinamngoja. Hakuna anayempongeza kwa kuzoea mji.

Sikipendi kitabu chote kwa kiasi kimoja. Kadiri miaka inavyosonga, matukio ya taifa yanapita kama vichwa vya habari. Uhuru umefika, Mboya ameuawa, JM ameuawa. Mara nyingine unahisi mwandishi ana kalenda ukutani na anahofia kuruka mwezi. Lakini risasi za Kisumu za mwaka 1969 zinapomuua mtoto wa Paulina, kalenda inaacha kuwa kalenda.

Kilichonirudisha kwenye kijitabu ni neno moja dogo. Nilikuwa nimeandika "kuzoea" karibu kila ukurasa: kuzoea mji, kuzoea hali ya hewa, kuzoea wafanyakazi. Macgoye aliitwa Nyarloka, kwa Kijaluo binti wa ng'ambo, na jina hilo alilitumia hata kwenye ushairi wake. Hukuna namna ya kujipa jina kama hilo. Unapewa na watu waliokuzoea. Ile ile -w- iliyomficha mbeba maji ndiyo inayotenganisha kuzoea na kuzoewa, na kijitabu hakikuwa na habari na la pili. Kwa mwandishi wake, kuishi ugenini ni kazi ya mgeni peke yake: nunua hiki, epuka kile, miezi sita utakuwa sawa.

Kibera wanajua ubaya wa kuacha jambo hilo hapo. Wanubi wa Makina ni wajukuu na vitukuu vya askari waliotolewa Sudan kutumikia jeshi la Waingereza, na jina lenyewe la Kibera linatokana na neno lao la msitu. Wameuzoea mji huu kabla ya wengi wetu kufika. Mji ndio haukuwazoea. Nilisoma na kijana wa Kinubi ambaye, tulipofika miaka 18, mimi nilichukua kitambulisho na yeye akaitwa mbele ya kamati aeleze babu yake alitoka wapi. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa inavunja haki za watoto wa Kinubi kwa mambo haya ya uraia. Mwaka 2017 ndipo walipokabidhiwa hati ya ekari 288. Hapo awali eneo lao lilikuwa zaidi ya ekari 4,000.

Kuna filamu pia, *Soul Boy* ya Hawa Essuman, mwaka 2010, iliyoandikwa na Billy Kahora na kupigwa Kibera kwenyewe. Kijana Abila anatafuta nafsi ya baba yake iliyoibwa, na kati ya safari zake anafika kwenye nyumba ya Wazungu, anakofanya kazi shangazi yake. Ni filamu fupi, na kwangu hapo ndipo inapoharakisha mno. Nilitaka kamera ibaki jikoni na yule shangazi, nimwone anavyobadilisha sauti akiitwa. Yeye angeweza kuandika sura nzima ya kijitabu changu.

Nilikitafsiri chote. Hata ukurasa ule. Nilijaribu kumwandikia mteja kwamba watakaosoma Kiswahili hiki wengi wanatoka kwenye maeneo hayohayo, halafu nikaifuta ile barua pepe. Pesa ziliingia tarehe 4.

Miezi kadhaa baadaye, jioni, tulikuwa tumepanga foleni ya mitungi. Mama wa chumba cha tatu, anayevuka kila alfajiri kwenda kufua na kupika Lavington, alitoa kijitabu mkobani. Wamepewa kazini. Akaanza kutusomea kwa sauti ya mtangazaji, na alipofika "Kawangware" watu walicheka mpaka mtungi wa mtu ukafurika. Yule wa Bukavu alicheka pia, halafu akauliza kama wageni wanaruhusiwa kuepuka na kodi.

"Na huyu aliyeandika," mama akanigeukia, maana anajua nafanya kazi na vitabu, "ni mtu wa wapi?"

Nilisema sijui.

Akakigeuza, akasoma tena mstari mmoja polepole. "Kiswahili kizuri hivi," akasema, "huyu si wa huku. Huyu ni Mtanzania."